Waziri Asiye na Bunduki

Ndugu yangu Athumani,

Salamu nyingi sana. Barua yako imenikuta mzima, na nimefurahi kusikia kwamba nyumbani kwako wote hawajambo. Nimecheka nilipofika kwenye ubishi wako na shemeji. Yeye anashikilia kwamba mtu ambaye hajawahi kulala handakini hana haki ya kuwa waziri wa ulinzi. Wewe unamjibu kwamba hiyo ni wizara kama wizara nyingine, mafaili na mihuri tu. Kisha mkaniteua mimi kuwa mwamuzi, eti kwa kuwa nimeyachosha macho yangu kwa vitabu vya historia. Haya, nitaamua. Ila nikuonye mapema: wote wawili mmekosea, na shemeji amekosea zaidi.

Nianze naye. Wazo lake limewahi kujaribiwa, tena kwa ukamilifu, huko Japani. Mwaka 1900, chini ya Waziri Mkuu Yamagata, iliwekwa kanuni kwamba waziri wa jeshi la nchi kavu na waziri wa jeshi la majini lazima wawe majenerali na maadmirali walio kazini. Si wastaafu, walio kazini. Ukiisikia haraka utasema ni busara tupu, maana nani alijue jeshi kuliko jenerali? Lakini jenerali aliye kazini hupangiwa kituo na wakubwa wake. Wakubwa wakisema hawatoi mtu, kiti cha waziri kinabaki kitupu, na serikali yenye kiti hicho kitupu haisimami. Mwaka 1912 jeshi lilidai divisheni mbili mpya. Waziri Mkuu Saionji alikuwa anabana matumizi, akakataa. Waziri wa jeshi, Uehara, akajiuzulu, jeshi likagoma kutoa mwingine, serikali nzima ikaporomoka. Haikupigwa hata risasi moja, Athumani. Mapinduzi yalifanywa kwa kususa.

Mwaka uliofuata kanuni ililegezwa, wastaafu wakaruhusiwa, lakini mwaka 1936 ikarudishwa ilivyokuwa. Januari 1937 Kaizari akamwita Ugaki Kazushige aunde serikali. Huyu alikuwa jenerali mstaafu, na aliwahi kuwa waziri wa jeshi. Mtu wao kabisa. Tatizo ni kwamba alipokuwa waziri, mwaka 1925, alifuta divisheni nne, na jeshi halikumsamehe. Walikataa kumpa waziri hata mmoja, akahangaika huku na huko, mwisho akanawa mikono. Mwaka 1940 mchezo ukarudiwa: waziri wa jeshi, Hata, akajiuzulu, serikali ya Yonai ikaanguka, akaingia Konoe, na pamoja naye akaja Tojo kushika wizara ya jeshi. Oktoba 1941 Tojo akawa waziri mkuu bila kuiachia wizara hiyo, na Desemba ndege za Japani zikaishambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani. Sidai kwamba kanuni moja ndiyo iliyozaa vita vile. Chuki na tamaa zilikuwa nyingi. Lakini kila aliyetaka kuwashika mkono wanajeshi alikuta kwamba wao ndio wanaoamua kama atapata serikali au hapati. Baada ya kushindwa, Wajapani waliandika katika katiba ya mwaka 1947, kifungu cha 66, kwamba waziri mkuu na mawaziri wote lazima wawe raia, wasio wanajeshi.

Mwambie shemeji ajibu hilo kwanza.

Wamarekani nao waliliona tatizo hilo, wakalitafutia dawa ya miaka. Sheria yao ya mwaka 1947 ilitaka ofisa awe amevua magwanda kwa miaka 10 kabla ya kuwa waziri wa ulinzi. Bunge likiona haja, linaweza kutoa ruhusa ya pekee, na limefanya hivyo kwa George Marshall mwaka 1950, James Mattis mwaka 2017 na Lloyd Austin mwaka 2021. Misri wamekwenda upande wa pili kabisa: katiba yao ya mwaka 2014 inasema waziri wa ulinzi ndiye kamanda mkuu wa majeshi, na lazima atoke miongoni mwa maofisa. Si ajabu. Abdel Fattah el-Sisi mwenyewe alitoka kwenye kiti hicho cha uwaziri kwenda kwenye urais.

Sasa zamu yako. Unasema ni wizara kama nyingine. Chukua kwanza swali la nani anatoa amri. Katika nchi nyingi zenye rais mtendaji, rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, mkuu wa majeshi ndiye anayeongoza shughuli za kivita, na waziri anabaki na sera, bajeti, sheria, ununuzi wa zana, maslahi ya askari, na kazi ya kusimama bungeni kujibu. Hapo unaweza kuwa na hoja kidogo. Lakini Ujerumani, kifungu cha 65a cha katiba yao kinampa waziri mwenyewe amri ya jeshi wakati wa amani. Nchi ikitangazwa kuwa katika hali ya kujihami, amri hiyo inahamia kwa kansela. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1986, amri inatoka kwa rais, inapita kwa waziri, inakwenda moja kwa moja kwa makamanda walio uwanjani. Mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, yule jenerali mwenye nyota nne unayemwona kwenye picha, ni mshauri. Hayumo kwenye mnyororo wa amri. Waziri wa kilimo hana kitu kinachofanana na hicho.

Hata hivyo, ukiniuliza nguvu ya waziri huyu inakaa wapi hasa, sitakuambia kwenye amri. Inakaa kwenye pesa na orodha. Kiti hiki kilianza hivyo. Ufaransa ya karne ya 17, Michel Le Tellier alipewa kazi ya katibu wa dola wa mambo ya vita mwaka 1643, na mwanawe Louvois akairithi na kuishikilia hadi alipokufa mwaka 1691. Hawakuwa mashujaa wa vita. Walikuwa watu wa wino. Wakati ule kapteni alikuwa kama mmiliki wa kikosi chake: analipwa kwa idadi ya vichwa, kwa hiyo siku ya ukaguzi anakodi watu mitaani, anawapanga mstari, mkaguzi anahesabu, jioni wanarudi makwao na mshahara unabaki mfukoni mwa kapteni. Askari hewa, kama tunavyosema leo. Louvois aliwaandama kwa wakaguzi na adhabu kali, akajenga maghala ya chakula na risasi karibu na mipaka ili jeshi lisitegemee kupora wanavijiji. Mfalme Louis XIV akapata sifa za ushindi, lakini mimi ushindi mwingi wa zama zile nauona ndani ya maghala yale. (Louvois mwenyewe alikuwa mkatili, usije ukampenda. Kuteketezwa kwa miji ya Palatinate, huko Ujerumani, kuna mkono wake.)

Waingereza walijifunza hilohilo kwa aibu. Vita vya Crimea, vile vya kupigana na Warusi, vilipoanza, mambo ya jeshi lao yalikuwa yamegawanywa ofisi hii na ile, kila moja ikisukumia nyingine lawama. Katika majira ya baridi ya mwaka 1854 kuingia 1855 askari walikosa nguo na malazi ilhali shehena zilikuwa zimekwama bandarini Balaklava. Waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha ya vita. Sidney Herbert, aliyekuwa mmoja wa mawaziri wawili wa mambo ya jeshi, ndiye aliyemwomba Florence Nightingale aende na wauguzi kwenye hospitali ya jeshi ya Scutari, huko Uturuki. Serikali ikaanguka bungeni kwa ajili ya vita hivyo, na mwaka 1855 nyadhifa zile mbili zikaunganishwa. Lakini jeshi la majini likabaki na mlango wake, na baadaye la anga likafungua wa kwake. Churchill alipoingia madarakani Mei 1940 alijipa mwenyewe cheo cha waziri wa ulinzi, cheo kisicho na wizara nyuma yake. Wizara ndogo ilikuja baada ya vita, na ofisi za majini, nchi kavu na anga zikamezwa na wizara moja mwaka 1964 tu.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha James Forrestal. Alikuwa waziri wa jeshi la majini la Marekani wakati Rais Truman alipotaka majeshi yote yawekwe chini ya waziri mmoja. Forrestal alipinga kwa nguvu zake zote, akihofia jeshi lake litamezwa, na alifanikiwa kiasi: sheria ya mwaka 1947 ikaunda waziri wa ulinzi mwenye cheo kikubwa na mamlaka finyu. Kisha Truman akamteua yeye awe wa kwanza kukikalia kiti hicho. Fikiria. Majeshi matatu yanagombania bajeti na nani abebe bomu la atomiki, na mtu wa katikati hana meno kwa sababu yeye mwenyewe aliyang'oa. Alichoka hadi akaugua akili. Aliondoka kazini Machi 1949, na Mei akafa kwa kuanguka kutoka dirisha la ghorofa ya 16 la hospitali alikolazwa. Mwaka uleule sheria ilirekebishwa, waziri akapewa mamlaka ambayo Forrestal mwenyewe alikuwa amekuja kuyaomba.

Na usidhani haya ni ya wakubwa wa mbali tu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito. Walitaka mishahara bora na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Rais Nyerere alifichwa, na aliyekwenda kuzungumza na waasi ni Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi. Alikuwa hana jeshi la kumlinda, kwani jeshi lenyewe ndilo lililoasi. Alikuwa na mdomo na ujasiri. Maasi yakaenea Uganda, kule Jinja, ambako waziri wa mambo ya ndani, Felix Onama, alizuiliwa na askari hadi akakubali nyongeza ya mishahara. Kenya nayo ikaguswa, katika kambi ya Lanet. Mwisho makomandoo wa Uingereza ndio waliozima moto Tanganyika, jambo ambalo Nyerere aliliona kuwa fedheha. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Ukitaka kujua kwa nini mishahara na vyeo vya askari ni kazi ya waziri na si mambo madogo ya karani, soma habari za siku zile.

Sasa najua shemeji atauliza kwa kejeli: kwa hiyo raia ndiye dawa? Hapana, sijasema hivyo. Robert McNamara alitoka kwenye urais wa kampuni ya Ford akaingia Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani, mwaka 1961 na vijana wake wa hesabu. Vita vya Vietnam vikapimwa kwa takwimu, pamoja na idadi ya maiti, na idadi zikawa zinatiwa chumvi kadiri zilivyopanda ngazi. Unaona? Askari hewa wamerudi, safari hii ni maadui waliokufa kwenye karatasi. Mwaka 1995 alikiri kwa maandishi kwamba walikosea. Na Moshe Dayan, jenerali aliyesifiwa dunia nzima kwa ushindi wa Israel katika vita vya mwaka 1967, ndiye aliyekuwa waziri wa ulinzi Israel iliposhtukizwa na Misri na Syria Oktoba 1973. Tume ya uchunguzi ikambebesha lawama mkuu wa majeshi, David Elazar, na haikumtwika Dayan. Wananchi wengi hawakukubali hesabu hiyo, na mimi nipo upande wao: ukivaa sifa za ushindi, vaa na gharama za kushtukizwa.

Ninayemheshimu kuliko wote hao ni Michelle Bachelet. Chile, Septemba 11, 1973, siku jeshi lilipoipindua serikali, waziri wa ulinzi Orlando Letelier alikamatwa asubuhi alipofika wizarani kwake. Miaka mitatu baadaye aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake huko Washington. Baba yake Bachelet, jenerali wa jeshi la anga, aliteswa akafia kizuizini mwaka 1974. Yeye na mama yake nao walishikwa, wakateswa, wakaenda uhamishoni. Alirudi, akawa daktari wa watoto, kisha akafanya jambo ambalo wenzake wengi walishangaa: akaenda kusoma masuala ya ulinzi pamoja na maofisa. Januari 2002 akateuliwa waziri wa ulinzi, mwanamke wa kwanza Amerika ya Kusini. Akakagua gwaride la jeshi lilelile. Mwaka 2006 akawa rais. Hakuwahi kuwa askari, lakini alikuwa amejifunza lugha yao kiasi kwamba jenerali hakuweza kumzungusha kwa maneno ya kitaalamu, na hicho ndicho kipimo ambacho mimi ningemwekea mtu anayetaka kazi hii.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: shemeji anapoteza, wewe unapata nusu, na yeyote aliyeweka dau la soda juu ya ubishi huu anirushie mimi. Kuhusu swali lako la mwisho, la wakuu wa serikali waliojishikia wizara hii wenyewe, Churchill nimeshakutajia, na Ben-Gurion alifanya hivyo Israel, na Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka tangu mwaka 1960. Sioni faida yake nje ya wakati wa vita, maana waziri mkuu anapojiuliza maswali mwenyewe huwa hajibani sana. Lakini Bandaranaike alinusurika jaribio la mapinduzi la mwaka 1962, na kisa chake kinataka barua nzima. Nitakuandikia ukinijibu hii.

Nisalimie shemeji, na umwambie sina kinyongo.

Wako,
Sefu