Kingamwili mbili za sungura kwenye slaidi moja

Mteja mmoja alikuja kwetu hapa Malindi na kisanduku cha barafu, ndani yake slaidi za matamvua ya samaki. Alitaka kuona protini mbili: pampu ya sodiamu kwa kijani, na mlango wa kloraidi kwa nyekundu. Chini ya hadubini kila kilichong'aa kilikuwa cha njano. Akafurahi, akidhani protini hizo zimekaa pamoja. Sisi tukaingiwa na shaka, kwa sababu kwenye seli zinazotoa chumvi kwa samaki wa baharini, pampu hiyo hukaa ubavuni na chini, na mlango wa kloraidi huelekea majini.

Tukamwomba chupa zake za kingamwili, yaani protini za kinga zinazotengenezwa na mnyama na kushika protini fulani. Zote mbili zilitoka kwa sungura.

Kingamwili ya kwanza ndiyo hushika protini. Ya pili, iliyobeba rangi, huishika ile ya kwanza kwa kumtambua mnyama iliyotoka kwake tu. Protini iliyoshikwa haiijui. Ni kama kuita "Mohamed!" sokoni: hugeuka wengi, si mmoja. Basi kijani ilikamata kingamwili zote mbili, nyekundu vilevile, na rangi hizo zikipandana macho huona njano.

Njia nyepesi ni kuibandika rangi moja kwa moja kwenye kila kingamwili ya kwanza, ya pili isihitajike. Lakini mwombe muuzaji chupa isiyo na albumini (protini ya kuihifadhi kingamwili) wala Tris (kemikali ya kutuliza asidi), maana rangi nyingi za kubandika zitaishia humo. Mwanga wake pia huwa hafifu, kwani kwa kawaida kingamwili kadhaa za pili hujazana juu ya moja ya kwanza.

Kwa protini adimu tunatumia tairamidi, kemikali inayobeba rangi. Kimeng'enya cha peroksidasi, kilichobandikwa kwenye kingamwili ya pili, huigandisha rangi kwenye tishu palepale, kisha tunaichemsha slaidi katika sitreti: kingamwili zinang'oka, rangi inabaki, na tunaanza upya na kingamwili ya protini nyingine. Tishu laini huweza kuharibika kwa joto, kwa hiyo tunajaribu kipande kimoja kwanza.

Ukiwa na kingamwili za panya, soma lebo kabla ya yote. Moja ikiwa ya aina ya IgG1 na nyingine ya aina ya IgG2a, zipo za pili zinazozitofautisha, na taabu yote hii haihitajiki.

Hatutoi picha bila slaidi ya ushahidi: duru ya kwanza ikiisha, tunatia kingamwili ya pili ya nyekundu bila ile ya kwanza yake. Nyekundu ikijitokeza, tunarudia.

Slaidi za mteja yule tulizirudia kwa tairamidi. Kijani ilizunguka seli, na juu yake, upande wa maji, kikakaa kidoa kimoja chekundu.