Mwalimu wa michezo aachwe akae

Mhariri,

Kila Mkenya akishinda mbio ng'ambo, tunarudia maneno yaleyale: ni mwinuko, ni mursik (maziwa ya mgando ya Wakalenjin), ni damu. Sawa, Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Lakini ni shule ngapi za Bonde la Ufa zinavuta hewa hiyohiyo, na mbona hazitajwi kama St. Patrick's, shule ya upili ya wavulana ya hapo Iten?

Bruda Colm O'Connell alifika pale kutoka Ireland mwaka wa 1976 kufundisha jiografia. Ukocha hakuujua. Peter Foster, ndugu yake mkimbiaji Brendan Foster, ndiye aliyemwingiza uwanjani, kisha akaondoka akamwachia kazi. Shule ilishatoa wakimbiaji, tusidanganyane. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972, alisoma hapo. Ila Bruda alibaki. Akawatazama vijana wakikimbia, akawauliza maswali, akajifunza kwao mwaka baada ya mwaka.

Peter Rono akatwaa dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988. Matthew Birir akafuata Barcelona 1992 katika kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer, naye wa shule hiyohiyo, akaweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya 1:41.11 mwaka wa 1997, wakati huo akiiwakilisha Denmark. Rekodi hiyo ilidumu miaka 13, na aliyeivunja ni David Rudisha, kijana mwingine wa Bruda! Wasichana nao hakuwasahau. Tangu 1989 alikuwa akiwakusanya kambini wakati wa likizo, na Lydia Cheromei alipoibuka bingwa wa dunia wa mbio za nyika za chipukizi mwaka wa 1991, alikuwa na umri wa miaka 13 tu.

Sasa nijisemee. Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya upili huku Taita Taveta, ambako hatuna mwinuko kama wa Iten wa kusingizia. Mistari ya uwanja tulichora kwa jivu la jikoni, maana chokaa haikuwa kwenye bajeti. Vijiti vya kupokezana nilikata mwenyewe kutoka kwa bomba la plastiki. Katika timu ya wasichana ya mita 100 mara nne, mkimbiaji wa tatu alikuwa na mbio za ajabu, lakini hakuweza kupokea kijiti bila kugeuza shingo. Nikamwekea alama ya jivu nyuma yake: mwenzako akiikanyaga, ondoka, nyosha mkono, usitazame. Alihofia kijiti kitaanguka, na kilianguka kweli, mara nyingi tu. Ilituchukua mihula miwili. Siku aliyokipokea akitazama mbele, wenzake walipiga vigelegele hadi mwalimu wa zamu akatoka kuja kuona kuna nini.

Mwaka huo tulifika mashindano ya kaunti kwa mara ya kwanza. Januari nikapata barua ya uhamisho. Aliyenirithi alikuwa mwalimu mzuri wa kemia, simlaumu, lakini kipindi cha michezo kikageuka kipindi cha marudio, na yule binti akamaliza shule bila kukimbia tena.

Ninajua walimu huhamishwa kwa sababu nyingi, nyingine za haki. Ninachoomba ni kidogo: kabla ya kumhamisha mwalimu mwenye timu, aulizwe ana wanafunzi gani mkononi na wamebakiza muda gani. Akilazimika kwenda, basi apewe angalau muhula mmoja wa kumfundisha atakayemrithi, kama Foster alivyomwingiza Bruda.

Vile vijiti vinne bado ninavyo. Mwalimu yeyote wa Voi au Mwatate anayevihitaji, nitampelekea, na alama ya jivu nitamwonyesha mahali pa kuiweka.

Mwalimu mstaafu,
Voi