Babu, ulisema kweli kuhusu daraja la Ruvu

Hamburg, Machi

Babu na Bibi, shikamooni.

Mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu tu. Baridi imeanza kulegea. Neema mdogo wangu, msomee Babu polepole, usiruke neno.

Babu, unakumbuka ulivyokuwa ukituvusha daraja la reli kwa miguu, tukitoka kwetu Kahe, karibu na Moshi? Kwanza unainama, unatega sikio kwenye chuma usikilize kama treni inakuja. Mimi nikichungulia kati ya mataruma naona maji ya mto Ruvu yanakwenda mbio chini yangu, nang'ang'ania koti lako huku nalia. Siku moja ukasema, "Hili Mjerumani alilijenga mwenyewe, akalivunja mwenyewe." Tulicheka sana. Tulidhani unatusahaulisha woga tufike ng'ambo.

Unisamehe, Babu. Jumamosi nilikuwa maktaba, nikayakuta yote.

Reli yao ilianza Tanga 1893, ikafika Moshi 1911. Miaka 18 kwa kilomita zipatazo 350! Haikupita hata mitano, Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts likawafuata hapo hapo Kahe. Wajerumani walikuwa na mzinga wa meli yao ya kivita Königsberg, ile iliyoangamia kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915. Walipoona wanazungukwa, wakalilipua daraja, mzinga nao wakauharibu, wakarudi nyuma kuelekea Upare. Waingereza wakaiunganisha reli yao, ya kutoka Voi kupitia Taveta, na hiyo ya Wajerumani hapo Kahe, na ndiyo maana stesheni yetu ikawa njia panda. Arusha haikuona treni hadi 1929.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu nikisikia sauti yako.

Ila kuna jambo vitabu hivi havina. Maofisa wana majina na vyeo, lakini waliobeba mizigo wametajwa kwa jumla tu, "wapagazi". Wewe ulituambia baba yako alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Alichukuliwa na nani, Wajerumani au Waingereza? Alirudi lini? Na daraja lilipokuwa chini, watu wa Kahe walivukaje kwenda shambani?

Neema, mrekodi kwenye simu anapojibu, asubuhi kabla hajachoka. Hela ya miwani yake nimemtumia Mama.

Mjukuu wenu,
Elia