Vile vidonge 49

Njoro, Jumapili jioni

Mama,

Barua hii nimeiweka kwenye kikapu, binti yangu, chini ya maharagwe, natumaini hukupindua kila kitu sakafuni kama kawaida yako. Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Nikianza kuuliza unacheka, mimi nakohoa, halafu unasema nimpe mama yako.

Ijumaa ulimwambia mama yako kwamba kipimo cha damu kimeshuka kidogo. Nilikuwa barazani na redio yangu, mkadhani nasikiliza habari. Alipokata simu nikamuuliza, kidogo ni ngapi? Akasema kidogo ni kidogo. Ikabidi akupigie tena, ndipo ukaitoa hiyo 8.4. Mama, mimi ndiye niliyekufundisha hesabu kuanzia darasa la sita. Mjamzito akipimwa wingi wa damu akawa chini ya 11, ana upungufu wa damu. Akiwa chini ya 7, hapo ni kulazwa. Sasa tafuta mwenyewe tofauti ya 11 na 8.4, kisha tofauti ya 8.4 na 7, uniambie uko karibu na wapi.

Unameza vile vidonge vya chuma, vya kuongeza damu?

Nauliza swali ambalo jibu lake ninalo, angalau jibu la wiki tatu zilizopita. Nilipokuja Kisumu kwenye matanga ya mjomba wa mume wako, uliniambia nichukue kalamu kwenye droo ya meza ya televisheni. Kalamu niliipata. Nikaipata na bahasha ndogo ya dawa, na ndani yake vidonge vya rangi ya damu ya mzee. Juu nesi ameandika 60, kimoja kila siku, na tarehe. Nikavimimina kiganjani, nikavihesabu viwili viwili. Vilikuwa 49. Tangu tarehe ile zilikuwa zimepita siku 35. Yaani ndani ya siku 35 umemeza 11.

Nikavirudisha, nikaifunga droo kwa goti ili isilie, nikakaa nikaandika namba ya gari kwenye daftari langu kana kwamba ndicho kilichonipeleka. Sikusema kitu. Nilijiambia mambo ya mimba ni ya wanawake, na baba hapekui droo ya binti aliyeolewa. Wiki tatu nzima nimelala na hiyo 49, hata mama yako sikumwambia. Sasa imekuja 8.4 na sijui nimkasirikie nani.

Jana nikaenda zahanati, nikasema nataka kupimwa presha. Presha yenyewe ni 170 kwa 105, lakini hilo si la barua hii, usiliingilie. Nesi wa pale nilimfundisha, na hakunicheka nilipomweleza kilichonileta hasa. Alinieleza kwamba mimba huongeza maji ya damu karibu nusu ya yalivyokuwa, na chembe nyekundu hazikui kwa kasi hiyo, ndiyo maana kipimo cha karibu kila mjamzito hushuka kiasi. Hapo bado si ugonjwa. Ugonjwa huja chuma kikiisha mwilini, na huisha miezi hii ya mwisho, kwa sababu mtoto anajiwekea akiba ya miezi yake sita ya kwanza na anaichota kwako. Hasubiri kuuliza kama unacho.

Kwa hiyo kule kusimama ghorofa ya pili ukishika ukuta kabla ya kumalizia ya tatu, si uvivu, wala si uzito wa tumbo peke yake. Nakumbuka nilisema mbele ya mume wako kwamba mama yako alilima mpaka siku ya kujifungua. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa. Alilima mpaka siku alipoanguka kwenye mstari wa viazi.

Na kwa kuwa nimeshafika huko. Unajua kwamba aliongezwa damu kaka yako alipozaliwa. Usilolijua ni nani aliyeitoa. Waliniambia nilete watu wa kutoa damu, nikasema naenda mjini kutafuta pesa. Pesa nilikuwa nayo mfukoni. Nilizunguka stendi ya Nakuru nikinunua njugu na kuzitupa mpaka taa zikawashwa, kwa kuogopa sindano. Aliyetoa ni mwalimu mwenzangu, ambaye hata hakuwa ndugu. Mama yako mpaka leo anadhani ni mimi, na kila tukigombana huikumbuka hiyo damu na kunisamehe. Usimwambie kabla sijajipanga.

Jana niliuliza kama naweza kutoa sasa. Mwisho wa kutoa damu ni miaka 65 na mimi nina 62, lakini kwa presha ile nesi alitikisa kichwa, akasema mpaka ishuke. Basi mwambie mume wako atafute watu wawili watatu mapema, wakatoe kabla ya siku yako, si usiku ule wakati kila mtu anakimbia. Kituo cha damu kipo hapohapo Kisumu. Na kundi lako la damu liandikwe wazi kwenye kitabu cha kliniki, kitabu kisitoke kwenye mkoba.

Turudi kwenye vidonge. Umesema sasa wamekuandikia viwili kwa siku. Nesi anasema anayemeza sawasawa hutazamiwa kupanda walau 1 kwa mwezi. Uko wiki ya 33, zimebaki 7. Nimeipiga mara mbili: 8.4 ukiongeza 1 na robo tatu, unapata 10 na kitu, kama hutaruka hata siku moja. Kwenye 11 bado hujafika, lakini mwenye 10 akipoteza damu kwenye kujifungua, ana pa kupotezea. Ukimeza kama ulivyomeza zile siku 35, utaingia na 8 yako hiyohiyo au pungufu. Na kama kipimo kijacho hakijapanda na kweli umemeza, waulize kuhusu chuma cha kutundikiwa kwenye mshipa. Kipo. Usikae kwenye benchi ukisubiri mtu akuulize kama umechoka. Una tabia hiyo, na umeitoa kwangu.

Chai nayo. Hapo sina mdomo, maana mimi ndiye niliyekuzoesha kikombe kabla hujajua kutembea. Chai hukamata chuma tumboni, kikapita bila kuingia mwilini. Maziwa nayo hukizuia, na hata zile dawa za kiungulia unazotafuna kama peremende. Sikuambii uache chai, utanidharau. Iwe mbali na kidonge, saa mbili hivi kabla au baada. Meza usiku ukienda kulala, kwa maji uliyokamulia ndimu, au ule chungwa, kwa kuwa matunda hayo hukisaidia chuma kuingia. Kikikuchafua roho, tanguliza kipande cha kiazi.

Mengine baba haandiki, lakini nimeshakosa adabu tangu ile droo. Choo kitakuwa cheusi. Ni chuma tu, usitishike ukaacha dawa. Kikiwa kigumu, maji mengi na papai. Kama ni hilo lililokufanya ufiche vidonge, ungemwambia mama yako, yeye hayo anayazungumza hata mezani.

Yeye amesema nikuandikie unywe maji ya bitiruti. Nimeandika kwa sababu amesimama nyuma yangu. Ameondoka sasa. Kunywa ukitaka, hayana ubaya, lakini chuma chake ni kidogo, kinachowavutia watu ni ile rangi. Omena unazonunua hapo chini ya nyumba zina chuma kuliko gilasi nzima ya hicho kitu. Nyama nyekundu ikipatikana, samaki, ndengu, maharagwe haya niliyokuwekea, na managu. Kwenye managu kamulia ndimu. Usiimwage supu ya managu eti ni chungu. Ulilelewa nayo.

Na yale mawe laini ya kutafuna, odowa, nayo yalikuwa kwenye droo. (Ndiyo, niliangalia vizuri.) Nyanya yako, huyo unayebeba jina lake, akiwa na mimba ya shangazi yako mdogo alikuwa akibomoa ukuta wa jikoni kwa kucha, anatia udongo mdomoni akidhani hatuoni. Tulimcheka sana. Kumbe mara nyingi mwili uliopungukiwa chuma ndio hutamani udongo, na udongo nao ukifika tumboni unakishika hicho chuma kidogo kilichobaki. Minyoo pia huingilia humo. Hamu ikikushika, tafuna kipande cha muwa.

Unameza, mama? Najua nimeshauliza.

Chandarua ukishushe hata joto likikuzidi. Waliokulia karibu na ziwa wana kinga kiasi, wewe umekulia huku kwenye baridi, mwili wako ni mgeni, na mimba ya kwanza ndiyo malaria huionea zaidi. Malaria huharibu hizohizo chembe nyekundu tunazozitafuta kwa vidonge. Kuna vile vidonge vitatu vya SP, vya kuzuia malaria, wanavyokupa kliniki umeze mbele yao. Usiwadanganye kwamba umeshapewa. Nilikuona ukimweleza wifi yako namna ya kuvikwepa, mkacheka, na mimi nikasoma gazeti.

Mitungi ya maji asipandishe mtu mwenye 8.4. Mume wako ana mikono. Nilimpenda siku ile alipoosha vyombo wageni wakiwapo, kwa hiyo sidhani ni vigumu kumwambia. Na saluni, nasikia unasuka umesimama mpaka saa mbili usiku. Nimekutumia 1,500 ya kiti kirefu, si ya kulipia kodi ya kibanda. Nilitaka uwe mwalimu, unajua, nikakununia mwaka mzima. Siku ya matanga niliketi pale mlangoni mwako, nikaona wateja sita wamepanga foleni na msichana uliyemwajiri anakuita madam. Sikukuambia chochote kuhusu hilo pia.

Kujifungua usijifungulie ile kliniki ya mtaani eti kwa sababu mkunga ni mteja wako. Nenda kwenye hospitali yenye damu. Jaramogi, ile ambayo watu wa huko bado wanaiita Russia, si mbali na kwako. Jueni dereva wa teksi mapema, namba yake iwe kwenye simu zenu wote wawili. Na ukijiona unahema ukiwa umekaa tu, au moyo unadunda mpaka masikioni, au kizunguzungu cha kuanguka, au kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au mtoto amepunguza kucheza, au damu inatoka, hata tone, usinipigie mimi kwanza. Nenda, mtu mwingine atanipigia. Mtoto akishazaliwa vidonge havijaisha, nesi anasema utaendelea navyo miezi kadhaa, kwa hiyo usifanye sherehe ya kuvitupa.

Huku tuko salama. Ng'ombe alizaa Jumatano, ndama dume, mama yako amenuna kwa sababu alitaka jike. Mvua imeharibu kona ya stoo, mahindi ya nyuma yameota ukungu na nimeyatupa. Kaka yako anadai pesa za safari ya shule, nimemwambia aonyeshe barua ya mwalimu mkuu, tangu hapo hajaizungumzia. Tanki linavuja palepale. Fundi alikuja, akalitazama, akanywa chai, akaenda.

Kikapuni kuna maharagwe gorogoro mbili, unga wa wimbi, machungwa na mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Ndizi ule kwanza, zitaharibika. Gari lilikuwa lifike stendi kama saa saba mchana. Natumaini ni mume wako aliyekwenda kulipokea, si wewe na hilo tumbo. Kondakta nimemlipa, asikudai tena.

Nitakuja mwisho wa mwezi, baada ya palizi ya viazi. Droo sitaifungua. Bahasha ya dawa utaileta mwenyewe mezani, na tutahesabu wote wawili.

Baba yako

Nimesahau: kikapu ni cha mama yako, kile cha kanisani. Hajui nimekichukua. Kirudishe na gari hilohilo kesho yake.