Kwenu mnaogombana kwa ajili ya kapo za tamthilia

Wanangu,

Nimesoma mliyomwandikia mke wa mwigizaji yule mnayemtaka awe kapo, yaani awe mpenzi, na mwanamke anayeigiza naye, baada ya mumewe kuweka picha ya familia mtandaoni, na nimeshindwa kunyamaza. Mama yule hakuiandika tamthilia yenu, hakuiongoza, wala si yeye aliyempangia mumewe acheze na nani. Mmemwita mwizi wa mume wa mtu, na huyo mtu mnayemtetea ni mhusika aliyetungwa mezani. Wengine mmemwombea talaka hadharani, chini ya picha ya watoto wake. Huo ni uonevu, na kuupaka jina la ushabiki hakuubadilishi.

Sijaja kuwakataza kupenda kapo zenu. Jambo hili ni la zamani kuliko televisheni. Mwandishi Mwingereza Samuel Richardson alipokuwa akiitoa riwaya ya Clarissa juzuu kwa juzuu, mwaka 1747 na 1748, wasomaji walimwandikia barua za kumsihi aimalize kwa ndoa ya Clarissa na Lovelace, mwanamume anayemwandama. Akakataa. Mmarekani Louisa May Alcott alipotoa nusu ya kwanza ya riwaya ya Little Women mwaka 1868, wasichana walimwandikia wakitaka kujua nani ataolewa na nani, na wengi walitaka Jo, mhusika mkuu, aolewe na Laurie, kijana wa nyumba ya jirani. Alcott aliudhika, akaandika kwenye shajara yake kwamba hatamwoza Jo kwa Laurie ili kumfurahisha mtu yeyote. Nusu ya pili ilipotoka mwaka uliofuata, Laurie alimwoa Amy, mdogo wake Jo, na wako wasomaji ambao hawajasamehe mpaka leo. Kwa hiyo kupenda kwenu si wazimu. Kinachonikera ni kwamba mnapenda kwa nguvu zote bila kujua mnapenda nini, na mtu wa namna hiyo hasira zake humwangukia asiyehusika.

Basi tuanze na hilo. Kapo inayowashika watu hujengwa zaidi na yale ambayo wawili wale wanayazuia kuliko yale wanayoyafanya. Chukueni tukio la kufunga jeraha, ambalo mmeliona mara nyingi. Mwanamume amekaa ukingoni mwa meza, mkono umechanika. Mwanamke ambaye tangu sehemu ya kwanza hawaelewani anafungua bendeji. Anauliza, "Inauma?" Anajibiwa, "Hapana." Kamera inashuka kidogo, tunaona vidole vya mwanamume vimeung'ang'ania ukingo wa meza. Mwanamke anaviona, hasemi kitu, ila mkono wake unapunguza kasi. Basi. Hakuna aliyetamka mapenzi, lakini nyinyi mmeshajua mambo matatu: kwamba inauma, kwamba amedanganya ili asionekane dhaifu, na kwamba mwenzake ameujua uongo ule akaamua kumsitiri. Jambo hilo la tatu halikuandikwa kwenye maneno yoyote. Mmelimalizia wenyewe vichwani.

Ndiyo maana kapo fulani mnaiona mali yenu. Mwandishi ametoa nusu, nusu nyingine mmeitoa nyinyi, na kitu ambacho mtu amekijenga kwa mikono yake hukitetea kwa hasira. Ndiyo maana pia wawili wanaoambiana "nakupenda" katika sehemu ya pili huwa hawana mashabiki wakali: hawajawaachia kazi ya kufanya. Mtaona waandishi wanaoanza wakirundika mabusu na maua, kisha wanashangaa hakuna anayejali. Hawakuacha pengo.

Sasa sikilizeni jinsi macho yale mnayoyalilia yanavyotengenezwa. Kwanza picha ya wote wawili, ili mjue nani yuko wapi. Kisha uso wa mmoja anayetazama, kisha anachokitazama, kisha uso uleule tena, na safari hii mhariri wa picha anauacha ukae sekunde moja au mbili zaidi ya mazungumzo yanavyohitaji. Lenzi ndefu imeufifiza ukuta wa nyuma, taa ndogo imewekwa ili mboni ing'ae, na muziki unaingia mazungumzo yakiisha. Mara nyingi, uso ule unapopigwa peke yake, mwigizaji hamtazami mwenzake hata kidogo. Anatazama kipande cha selotepu kilichobandikwa kando ya lenzi, na mwenzake huenda ameshakwenda kubadili nguo. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, anakumbukwa kwenye vyuo vya filamu kwa jaribio lake la takriban miaka mia moja iliyopita: uso mmoja usiobadilika, ukifuatiwa na bakuli la supu watu wanaona njaa, ukifuatiwa na jeneza wanaona majonzi. Uso ulikuwa uleule.

Halafu mnaniambia, "Shangazi, macho hayadanganyi, wale wanapendana kweli." Hayadanganyi wapi? Kuyafanya yaseme kitu ambacho hakipo ndiyo kazi wanayolipwa, na wakiifanya vizuri mnawapa adhabu ya kuwavunjia nyumba zao. Watafiti Donald Horton na Richard Wohl walieleza mwaka 1956 jinsi mtazamaji anavyojenga urafiki wa upande mmoja na mtu wa kwenye televisheni, hata akahisi anamfahamu kama anavyowafahamu rafiki zake. Si ugonjwa, ni hali ya binadamu. Lakini yule wa upande wa pili hakujui. Kwa hiyo mliomwandikia yule mama, futeni maneno yale leo, na msimwandikie tena hata kuomba radhi. Akiona majina yenu ataumia upya.

Na hizo klipu mnazotumiana, za sekunde thelathini, zilizopunguzwa mwendo na kuwekewa wimbo, zinawachanganya zaidi. Mtengenezaji huchukua jicho la sehemu ya tatu, ambapo mtu alikuwa akiitazama nyumba inayoungua, akalibandika mbele ya tabasamu la sehemu ya kumi na moja. Klipu inaweza kuwa kazi nzuri ya sanaa. Ila haiwezi kuwa ushahidi kwamba mwandishi "alikusudia" jambo fulani, na nusu ya ugomvi wenu ni juu ya kapo iliyoko kwenye klipu tu.

Jambo jingine linalowavuta ni hatari. Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha utafiti uliofanyika Kanada kwenye daraja la kuning'inia linaloyumba, lililo juu ya korongo la mita 70 hivi. Mwanamke aliwahoji wanaume waliokuwa wakivuka, akawapa namba yake ya simu. Wa daraja hilo linaloyumba walioichukua namba, 9 kati ya 18 walimpigia. Kwenye daraja imara la chini, 2 kati ya 16. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba moyo ukishakwenda mbio, mtu huweza kuihesabu hofu kuwa ni mvuto. Nanyi mnapokaa roho juu wakati wawili wamekwama kwenye lifti inayoporomoka, mapigo yale mnayahamishia kwao. Ndiyo maana kapo nyingi huzaliwa kwenye moto, mafuriko na kutekwa nyara.

Sasa nigombe kidogo. Yule mkali kwa watu wote aliye mpole kwa mmoja. Najua kwa nini mnampenda: upole unaotoka kwa mtu mgumu unaonekana una thamani kubwa, na mtazamaji anayejiweka kwenye nafasi ya yule mmoja anajiona amechaguliwa. Sawa. Lakini kwa ajili ya upole huo mnamsamehe mambo mazito mno. Lovelace wa Richardson alimtorosha Clarissa, akamfungia, akamlevya kwa dawa na kumbaka, na bado wako wasomaji waliotaka amuoe. Kabla hamjampa mtu wa namna hiyo mioyo yenu, angalieni jambo moja: anafanya nini anapoambiwa hapana? Akisimama, ana nafasi. Akiendelea, na muziki mtamu ukapigwa juu yake, mjue muziki unafanya kazi ya kuficha. Mpendeni kitabuni mkitaka, hiyo ni haki ya msomaji. Msimwite mfano.

Na hapa niwageukie wakubwa wenzangu. Tumeiachia tamthilia kazi ya kuwafundisha watoto wetu mapenzi, kisha tunawacheka wakilia mbele ya skrini. Mbona tukio linalorudiwa kutazamwa mno ni lile la mwanamume mwenye kiburi akisema "nilikosea"? Kwa sababu wengi hawajawahi kulisikia neno hilo nyumbani kwao. Radhi iliyoandikwa vizuri hulitaja kosa lenyewe, haiweki "lakini", na haidai isamehewe palepale. Kijana akilia kwa tukio hilo hana upuuzi. Analilia alichonyimwa, na sisi ndio tuliomnyima.

Mwanamume wa pili, yule anayekosa kuchaguliwa, mnamlilia kwa sababu msuko wa hadithi haumdai kitu. Mshindi lazima akosee, afiche siri, aumize, ili hadithi isogee. Huyu wa pili kazi yake ni kuleta mwavuli tu, basi hachafuki. Hebu mpeni nafasi ya kwanza katika hadithi mnazoandika wenyewe, mtaona inabidi mmpe kasoro haraka, la sivyo hadithi inalala.

Waandishi nao wana hofu kwamba kapo ikishaungana watazamaji watakimbia, na kila mara wanaitaja Moonlighting, tamthilia ya televisheni ya Marekani: ilianza 1985, wawili wale wakawa wapenzi 1987, ikafungwa 1989. Lakini baada ya kuungana walikuwa hawaonekani pamoja mara nyingi, kwani mwigizaji wa kike alikuwa mjamzito, wa kiume alikuwa na filamu nyingine, kisha 1988 ukaja mgomo wa waandishi. Huwezi kuwatenganisha watu kwenye skrini halafu ukalilaumu busu.

Mengine nayataja tu. Ukiandika hadithi yako juu ya kapo, weka onyo mapema kama ina ukatili. Usimwage mwisho wa msimu kwa ambao hawajautazama. Wahusika walio watoto waachwe wawe watoto. Maadui wanaogeuka wapenzi wanahitaji sababu ya kweli ya uadui na sababu ya kweli ya kuumaliza. Kutukanana peke yake hakutoshi.

Kwa anayetaka kujua kinachomvuta, afanye hivi. Chagua tukio moja la dakika mbili au tatu. Litazame bila sauti. Kisha lisikilize ukiwa umeipa skrini mgongo. Kisha litazame lote. Andika kila mara ni wapi moyo ulishtuka. Ukishtuka bila sauti, umevutwa na waigizaji na kamera. Ukishtuka kwa kusikia tu, ni mwandishi, au ni muziki. Ukishtuka mara ya tatu peke yake, huenda ni mpishano: mdomo unasema hili, mwili unasema lile. Usiposhtuka kabisa, basi unachokipenda kiko kwenye sehemu za nyuma, au ni klipu. Baadaye andika sentensi moja inayoanza "Nawapenda hawa kwa sababu", bila kutumia maneno mzuri, mtamu wala wanaendana.

Mpe na yule mnayegombana naye aandike yake, mziweke sentensi mbili kando kwa kando. Mara nyingi mtakuta mmoja anapenda kusubiri, mwingine anapenda usalama, na kila mmoja amechagua kapo inayompa hicho. Hapo mnaweza kuongea usiku kucha bila tusi hata moja.

Shangazi yenu