Salum, hiyo ya 529 ngoja nikujibu kwa kirefu

Salum ndugu yangu,

Salaam sana, natumai nyote hapo nyumbani wazima. Meseji yako nimeisoma, na pale uliposema mwaka 529 Justinian, mfalme wa Roma, aliifunga shule ya Plato Athens na falsafa ya Wagiriki ikafia palepale, nikaona hii siwezi kuijibu kwa mistari miwili. Hawa walimu wa mwisho wa falsafa ya Kigiriki nawapenda kweli, na huwa inaniuma wanavyosimuliwa kwa tarehe moja tu halafu basi.

Kwanza shule ile yenyewe aliyoianzisha Plato ilishasambaratika zamani mno, tangu enzi za Sulla, yule jenerali wa Roma aliyeuteka mji wa Athens mwaka 86 kabla ya Kristo. Hii iliyokutana na Justinian ni nyingine, ilikuja kufufuliwa baadaye sana na mzee mmoja wa Athens anaitwa Plutarch (siyo yule mwandishi wa maisha ya watu maarufu, huyu mwingine kabisa), akamwachia Syrianus, naye Syrianus akamwachia Proclus. Ilikuwa shule ya nyumbani bana, wanaishi na kusoma pamoja, matumizi yanatoka kwenye mali za wakfu walizoachiwa, mshahara wa serikali hawana.

Proclus alifika Athens bado kijana wa miaka 19 hivi, jioni, akapanda moja kwa moja hadi Akropoli, kile kilima chenye mahekalu, akamkuta mlinzi wa geti ndo anataka kufunga, mlinzi akamwambia usingekuja ningeshafunga. Wenzake waliishika sana hiyo, wakaona ni ishara. Na kweli huyo mtu alisomesha mpaka akafa mwaka 485, kwa siku anafundisha vipindi vitano na wakati mwingine zaidi, na bado anaandika mistari kama 700. Usomaji wao ungeuona ungeuzoea haraka, maana ni kama darsa zetu za kitabu baada ya magharibi, mwalimu anasoma kipande, anakifafanua neno kwa neno, wanafunzi wanaandika, kesho mnaendelea pale mlipoishia. Wanaanza na Aristotle mpaka waive ndo wanaingizwa kwa Plato. Vitabu vingi tulivyo navyo leo vya hao walimu ni madaftari ya wanafunzi tu, wameandika kile walichosikia darasani.

Sasa mtu ninayetaka umjue ni Aedesia. Hypatia, yule mwanamke mwalimu wa falsafa na hesabu, unamjua, watu wote wanamjua kwa jinsi alivyouawa na lile kundi Alexandria mwaka 415, lakini Aedesia hatajwi kabisa na mi naona bila yeye hadithi yote inakatika katikati. Alikuwa ndugu wa Syrianus, akaolewa na Hermias, mwalimu wa falsafa Alexandria. Hermias akafa watoto bado wadogo. Huyu mama akapambana, ile posho ya mumewe ikaendelea kutolewa mpaka wanawe wakafika umri wa kusoma falsafa, kitu ambacho kilikuwa hakijawahi kufanyika kwa mjane. Halafu akawachukua mwenyewe, Ammonius na Heliodorus, akawavusha bahari kutoka Misri mpaka Athens kwa Proclus, akakaa nao huko wanasoma. Na sifa yake ilikuwa kusaidia maskini, anatoa mpaka kupitiliza uwezo wake. Alipokufa, Damascius, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa shule ya Athens lakini wakati huo bado kijana mdogo, ndo alisoma shairi la kumsifu kwenye mazishi.

Huyo Ammonius akarudi Alexandria akawa mwalimu mkubwa, akaelewana na askofu mkuu wa pale ili darasa lisifungwe. Damascius alimlaumu sana kwa hilo, akasema ni tamaa ya pesa, lakini mi simlaumu, maana angalia waliopita kwenye darasa lake, Damascius mwenyewe, Simplicius, Philoponus ambaye ni Mkristo, na Olympiodorus. Na Olympiodorus, ambaye hakuwa Mkristo, anaitaja ile nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 565, yaani miaka 36 baada ya hiyo 529 yako mtu bado yuko Alexandria anafundisha Aristotle!

Athens ndo ilikuwa mbaya zaidi, sikatai. Amri ilikuja kwamba falsafa isifundishwe tena pale, na sheria zikawabana wasio Wakristo wasifundishe. Damascius ndo alikuwa mkuu wa shule, mtu mzima tayari. Yeye na wenzake sita, Simplicius akiwemo, wakafunga safari mpaka Uajemi kwa mfalme Khosrow maana walisikia ni mfalme anayependa hekima. Walichokikuta kiliwavunja moyo, wizi na ukatili kama kwingine kote. Khosrow aliwapenda, akawasihi wabaki, wao wakataka kwao. Lakini mfalme akawafanyia jambo ambalo kila nikilifikiria namheshimu, kwenye mkataba wa amani na Roma wa mwaka 532 akaweka sharti kwamba hawa watu warudi makwao na waachwe waishi na imani yao bila kusumbuliwa. Falme mbili zinamaliza vita na ndani ya mkataba wamo walimu saba.

Mwaka 538 Damascius tunamkuta Syria, mji wa Emesa ambao leo ni Homs, kuna jiwe la kaburi la mwanamke anaitwa Zosime lenye maneno yake, kwamba zamani alikuwa mtumwa kwa mwili tu na sasa hata mwili umepata uhuru.

Simplicius yeye hakuwa tena na shule, akakaa akaandika, anafafanua Aristotle kurasa kwa kurasa. Na anapofika kwa Parmenides, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeandika kwa mashairi, aliyeishi miaka elfu moja hivi kabla yake, anasema wazi kwamba ataziweka beti zake kwa sababu kile kitabu kimekuwa adimu. Akanakili beti nyingi. Kitabu chenyewe baadaye kikapotea kabisa, na sehemu kubwa ya Parmenides tunayoisoma leo tunaisoma kwa sababu ya mkono wa huyu mtu, mwanafunzi wa mtoto wa Aedesia. Sasa Salum niambie hapo falsafa ilikufa mwaka gani?

Ukitaka kuanza kuwasoma usianze na Plotinus, yule mwanafalsafa waliyemfuata hawa wote, atakuchosha mapema. Anza na maisha ya Proclus yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Marinus, ni kitabu kifupi, hiyo stori ya geti imo. Ukimaliza niandikie tuingie kwa Damascius, huyo tutabishana sana. Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Idi