Fedha zimfuate mjukuu anakolelewa

Mhariri,

Naandika kuhusu bibi na babu wanaolea wajukuu bila msaada wa fedha. Wengi hukwama dirishani wanapoomba msaada huo: ofisa anadai hati ya ulezi, na hati hiyo haipatikani bila kwenda mahakamani. Mzee aliyekwishastaafu anaanza upya kununua sare na madaftari, huku dawa zake mwenyewe zikisubiri. Inauma sana.

Ibara ya 26 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, inampa kila mtoto haki ya kunufaika na hifadhi ya jamii. Haki ni ya mtoto, hivyo fedha zimfuate anakolala.

Serikali zipokee uthibitisho wa mwalimu mkuu au ofisa ustawi wa jamii, na malipo yaanze wakati taratibu za mahakama zikiendelea.